Kipimo cha mbio cha jeshi: namna kijana wa Swima anaweza kupanda daraja bila kuvunja mwili wake

Vijana wengi wa mashariki mwa Kongo wenye wanatafuta kuingia jeshini, katika polisi ao katika kazi ya ulinzi wa hifadhi za wanyama wanajua jambo moja: siku moja wataombwa kukimbia mbele ya watu wenye saa mkononi. Wengi wanajiandaa kwa siku chache tu za mwisho, wanakimbia kila asubuhi kwa nguvu zote, kisha wanafika siku ya kipimo na magoti yanauma ao malaria iko mwilini. Wengine wanapita kwa shida, na mwaka unaofuata wako palepale, hawajapanda.

Huko Swima, katika wilaya ya Fizi, kijana hana uwanja wa riadha wala mashine za mazoezi. Lakini ana mchanga wa kando ya Ziwa Tanganyika, ana tereni ya mpira, ana milima kwa upande wa magharibi, na mara nyingi ana simu yenye saa. Hivyo vinatosha. Kitu chenye kinakosekana zaidi ni kujua mwili unapanda namna gani: unapanda polepole, kwa wiki nyingi, na unapandia pale penye udhaifu.

Kipimo cha dakika 12 kilitoka wapi

Kipimo cha mbio chenye kinajulikana zaidi duniani kinaitwa kipimo cha Cooper. Kina jina la Kenneth Cooper, daktari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1931 na kufanya kazi katika jeshi la anga la nchi yake. Alikuwa anatafuta njia rahisi ya kujua uwezo wa moyo na mapafu ya askari wengi kwa wakati mmoja, bila kumpeleka kila mtu maabara. Alipima wanaume 115 wa jeshi la anga: kwanza walikimbia dakika 12 uwanjani, kisha wakapimwa juu ya mashine. Aliona kwamba mtu mwenye kufika mbali zaidi katika dakika 12 ndiye pia mwili wake unatumia hewa ya oksijeni vizuri zaidi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1968.

Kanuni yake ni fupi. Mtu anakimbia dakika 12. Akichoka anaruhusiwa kutembea, lakini saa haisimami. Mwishoni wanapima umbali, basi.

Kwa sababu ya urahisi huo, kipimo kilivuka mipaka ya jeshi. Timu ya mpira ya Brazil ilitumia njia za Cooper kujiandaa kwa Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, ikarudi nyumbani na kombe. Waamuzi wa mpira wa kimataifa walipimwa kwa dakika 12 kwa miaka mingi kabla ya FIFA kubadilisha kipimo chao. Jeshi la Ufaransa nalo lilikiweka katika kipimo cha afya ya mwili cha askari wake. Hata walimu wengi wa michezo katika shule za sekondari wanakijua.

Madaraja yake

Kuna jedwali lenye kutumiwa sana. Kwa mwanaume wa miaka 20 hadi 29, madaraja ni haya:

- Chini ya mita 1600: dhaifu sana
- Mita 1600 hadi 2199: dhaifu
- Mita 2200 hadi 2399: wastani
- Mita 2400 hadi 2800: nzuri
- Kupita mita 2800: nzuri sana

Kwa mwanamke wa umri huohuo:

- Chini ya mita 1500: dhaifu sana
- Mita 1500 hadi 1799: dhaifu
- Mita 1800 hadi 2199: wastani
- Mita 2200 hadi 2700: nzuri
- Kupita mita 2700: nzuri sana

Mwenye miaka 30 hadi 39 anaombwa kidogo kushuka: daraja la nzuri linaanza mita 2300 kwa mwanaume na 2000 kwa mwanamke. Kila jeshi na kila kazi inaweza kuweka alama zake yenyewe, kwa hiyo mtu mwenye anajiandikisha anaomba karatasi ya masharti mapema, anaisoma, kisha anapanga mazoezi kulingana nayo.

Kupita si sawa na kupanda daraja

Majeshi mengi yanatofautisha kati ya askari mwenye amepita na yule mwenye anapewa heshima. Mifano miwili inaonyesha vizuri.

Jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa miaka mingi, lilikuwa na kipimo cha vitu vitatu: kupiga pampu dakika mbili, kuinuka kwa tumbo dakika mbili, na kukimbia maili mbili, yaani kilometa 3 na mita 200 hivi. Kila kimoja kilikuwa na alama 100. Askari mwenye kupata 60 katika kila kimoja alikuwa amepita. Lakini nembo ya heshima ya kushonwa kwenye nguo za michezo ilipewa yule mwenye kufika 270 kwa jumla, tena bila kushuka chini ya 90 hata katika kimoja. Maana yake, mtu mwenye kupata 100 katika pampu, 100 katika tumbo na 80 katika mbio alikuwa na jumla ya 280, lakini nembo hakupata. Alama yake ndogo ndiyo ilimzuia.

Jeshi la Ujerumani nalo lina nishani ya uwezo yenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Hata askari wa nchi nyingine wanaweza kuifanyia kazi. Kuna mbio, kuna kuning'inia kwenye chuma, kuna kuogelea mita 100 na nguo za kijeshi, kuna kulenga shabaha, kuna huduma ya kwanza kwa majeruhi. Kuna tena kutembea na mzigo wa kilo 15: kilometa 6 katika dakika 60 kwa shaba, kilometa 9 katika dakika 90 kwa fedha, na kilometa 12 katika dakika 120 kwa dhahabu. Mwendo ni uleule, kilometa moja kwa dakika 10. Mzigo ni uleule. Kitu chenye kinaongezeka ni muda wa kuvumilia.

Mifano hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza: mtu anapanda kwa kurekebisha pale penye udhaifu, si kwa kurudia kile anachokipenda. Vijana wenye mikono ya nguvu wanapenda kupiga pampu mbele ya wenzao. Wenye miguu myepesi wanapenda kukimbia. Inafaa iwe kinyume. La pili: ngazi ya juu inaomba uvumilivu kupita nguvu.

Daraja lina maana hasa pale ambapo watu ni wengi na nafasi ni chache. Mwezi wa 11 mwaka 2023, ng'ambo ya mto huko Brazzaville, jeshi lilitafuta vijana 1500 wa miaka 18 hadi 25. Watu waliofika uwanja wa Ornano walikuwa wengi kupita kiasi, na usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 msukumano uliua vijana zaidi ya 30. Walikufa langoni, mbele ya kipimo chenyewe. Yule mwenye amejiandaa mapema hana haja ya kupigania mlango usiku. Anafika kwa wakati uliotangazwa, na akiona msongamano unazidi, anarudi nyuma.

Jipime kwanza

Mazoezi bila kipimo ni kutembea usiku bila taa. Kazi ya kwanza ni kujua umbali wa mahali pa kukimbilia. Chukua kamba ya wavuvi, ipime kwa mita ya fundi seremala mpaka ifike mita 50, funga fundo. Kwa kamba hiyo vijana wawili wanapima pande zote za tereni ya mpira. Tereni yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 ina mzunguko wa mita 320, kama mtu anafuata mstari bila kukata kona. Kama tereni ya kijiji ni ndogo ao kubwa, hesabu inabadilika, lakini njia ni ileile.

Kwa mzunguko wa mita 320, raundi 7 ni mita 2240. Raundi 7 na nusu ni mita 2400. Raundi 8 ni mita 2560. Raundi 8 na robo tatu ni mita 2800. Mwenzako mmoja anahesabu raundi na kutazama saa ya simu, kwa sababu mwenye kuchoka hahesabu vizuri.

Andika matokeo katika daftari: tarehe, saa, umbali, na namna mwili ulivyojisikia. Mfano ni kijana mwenye kupata mita 2300. Yuko kwenye wastani. Alitumia dakika 1 na sekunde 40 kwa kila raundi. Akitaka kufika mita 2500, ndani kabisa ya daraja la nzuri, inamwomba dakika 1 na sekunde 32. Tofauti ni sekunde 8 kwa raundi moja. Kilichomwogopesha kama mlima kimegeuka hesabu ndogo, na sasa anajua anatafuta nini.

Kosa kubwa: kukimbia kwa nguvu kila siku

Kijana mwenye haraka anafikiri kwamba zoezi lisilomtapisha si zoezi. Anakimbia mbio za mwisho Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wiki ya kwanza anaona anapanda. Wiki ya tatu mifupa ya mbele ya mguu inauma, usingizi unapotea, na saa inaanza kurudi nyuma.

Sababu ni hii: zoezi lenyewe linachosha mwili. Mwili unajenga nguvu wakati wa kupumzika, baada ya zoezi. Moyo na mapafu vinazoea haraka, katika wiki chache. Mifupa na mishipa ya nyama inazoea polepole zaidi, kwa miezi. Mtu mwenye anaongeza kasi kila siku anakuwa na moyo wenye uko tayari juu ya miguu yenye haijakuwa tayari.

Ndiyo maana wakimbiaji wazuri wanafanya sehemu kubwa ya mbio zao polepole. Kipimo cha polepole ni mdomo: kama unaweza kuzungumza na mwenzako kwa maneno kamili, mwendo ni mzuri. Kama unajibu neno moja moja, umezidisha.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikuwa na askari mwenye alionyesha faida ya subira hiyo. Juma Ikangaa, ofisa wa jeshi la Tanzania, alikuwa wa pili katika mbio ndefu za Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alikosa ushindi kwa sekunde moja tu. Hakuacha. Mwaka 1989 alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Wiki 12 za kupanda

Mpango huu ni wa mtu mzima mwenye afya na mwenye anaweza tayari kukimbia dakika 20 bila kusimama. Asiyeweza anaanza kwa kubadilisha: dakika mbili za mbio, dakika mbili za kutembea, mpaka afike dakika 20.

Wiki ya 1 hadi ya 4 ni msingi. Jumatatu, mbio za polepole dakika 25, kila wiki ongeza dakika chache mpaka 35. Jumatano, polepole tena dakika 25, kisha mara nne kukimbia haraka sekunde 20 tu, na kutembea dakika moja katikati. Jumamosi, mbio ndefu ya polepole, dakika 40, mpaka kufika 50. Ijumaa ni siku ya mikono na tumbo bila mbio. Siku nyingine ni mapumziko ao kazi za kawaida. Mvuvi mwenye amekesha ziwani ao kijana mwenye ametoka kulima mlimani tayari amefanya zoezi. Asiongeze jingine siku hiyo.

Wiki ya 5 hadi ya 8, Jumatano inabadilika. Baada ya kupasha mwili moto dakika 10, kimbia raundi moja ya tereni kwa mwendo wa lengo lako, halafu tembea dakika mbili. Fanya hivyo mara 6 katika wiki ya 5, mara 7 katika ya 6, mara 8 katika ya 7. Kwa kijana wa mfano, kila raundi ni dakika 1 na sekunde 32. Si haraka zaidi. Raundi ya mwisho ikiwa sawa na ya kwanza, zoezi limefaulu. Wiki ya 8 punguza mazoezi yote, na Jumamosi jipime tena dakika 12.

Wiki ya 9 hadi ya 11, raundi zinaungana. Wiki ya 9: raundi mbili pamoja, mara 4, na dakika mbili za kupumzika. Wiki ya 10: vilevile, lakini mara 5. Wiki ya 11: raundi tatu pamoja, mara 3, na dakika tatu za kupumzika. Zoezi la wiki ya 11 linafikia karibu mita 2900 kwa mwendo wa lengo. Anayelimaliza vizuri anaweza kufika siku ya kipimo bila hofu.

Wiki ya 12 fanya nusu tu. Siku mbili za mwisho, pumzika. Katika siku hizo hakuna nguvu mpya yenye mtu anaweza kuongeza, lakini anaweza kupoteza ile aliyokusanya.

Kwa mtu mwenye anaanza chini, kuongeza mita 100 ao 200 katika miezi mitatu ni kazi nzuri. Mwenye yuko kwenye 2300 na anaota 2800 asitafute wiki 12, atafute mwaka.

Mikono, tumbo na mzigo

Kwa pampu, tafuta kwanza idadi yako ya mwisho. Kama ni 20, fanya seti tano za 10, siku tatu kwa wiki, mwili ukiwa umenyooka na kifua kikishuka chini kweli. Kila wiki ongeza moja ao mbili kwa seti. Kwa kuning'inia na kujivuta, tawi la nguvu la muembe linatosha. Mwenye hawezi kujivuta aanze kwa kuning'inia sekunde 15, kisha 20, kisha 30.

Kwa mzigo, watu wa Fizi hawafundishwi maana ya kilo 15. Mama mwenye anashuka kutoka shambani na beseni ya mihogo mara nyingi amebeba kupita hizo. Bidoni ya lita 20 yenye maji ni kilo 20 na zaidi. Lakini kubeba kwa saa mbili kwa mwendo wa saa ni jambo jingine. Anza na kilo 5 za mchanga ndani ya begi lenye mikanda mipana, kilometa 4, mara moja kwa wiki. Ongeza kilo 2 kwa wiki, ao ongeza kilometa, usiongeze vyote viwili pamoja. Usikimbie na mzigo, tembea haraka. Viatu vya kipimo vivaliwe mapema, kwa sababu viatu vipya vinaleta malengelenge, na lengelenge moja linaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu.

Wenye wanajiandaa kwa kuogelea wachague mahali penye wavuvi wanapajua kuwa salama, mchana, wakiwa wengi. Ziwa lina mamba.

Chakula, maji na usingizi

Mkimbiaji wa Swima hana haja ya dawa za duka. Ugali wa muhogo unatoa nguvu ya kukimbia, lakini peke yake haujengi misuli. Kinachojenga ni ndagala, mikebuka, maharagwe na karanga. Sombe inaongeza damu na vitamini. Mtu mwenye anakula mara moja kwa siku apunguze mazoezi, kwa sababu mwili wenye njaa unajila wenyewe.

Maji ni lazima, hasa kando ya ziwa penye joto na unyevunyevu. Kipindupindu kinajulikana vizuri katika Fizi na Uvira, kwa hiyo maji ya ziwa ao ya mto yasinywewe bila kuchemshwa ao kutiwa dawa ya klorini, hata kama kiu ni kali baada ya mbio.

Kanyanga haileti pumzi. Inakausha mwili na kuharibu usingizi, na usingizi wa saa saba ao nane ndio dawa ya bei rahisi kupita zote.

Wakati wa kusimama

Mwenye homa hakimbii. Malaria pamoja na mbio kali ni hatari kwa moyo. Baada ya kumaliza dawa, inafaa kurudi kwa kutembea na mbio za polepole kwa siku kadhaa, si kwa raundi za haraka.

Jambo jingine ni ugonjwa wa damu wenye watu wengi wanauita drepanositozi. Mwenye SS ni mgonjwa na hafai kufanya mipango ya aina hii bila daktari. Mwenye AS amerithi upande mmoja tu, mara nyingi hajui, na anaishi bila shida. Utafiti uliotangazwa mwaka 1987 juu ya vijana wapya wa jeshi la Marekani ulionyesha kwamba wenye AS walikufa ghafla wakati wa mazoezi makali mara nyingi zaidi kuliko wengine. Baada ya hapo jeshi liliweka mkazo kwenye maji, kivuli na mapumziko wakati wa joto. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, juu ya askari weusi karibu 48,000, haukuona tena tofauti katika vifo, lakini uliona kwamba misuli ya wenye AS inaharibika kwa mazoezi mara nyingi kidogo kupita ya wengine. Hivyo AS haimkatazi mtu kukimbia, ila inamfundisha kupanda polepole na kunywa maji. Kipimo cha damu kinasaidia kujua mapema.

Dalili za kusimama mara moja, bila aibu, ni hizi: maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuona giza, kuchanganyikiwa maneno, ao mkojo wenye rangi ya kahawa. Mwenzako akianguka kwa joto, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, huku wengine wakitafuta namna ya kumfikisha kituo cha afya. Asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu.

Siku ya kipimo

Kula kitu chepesi saa mbili ao tatu mbele: ndizi, mkate, uji. Usijaribu chakula kipya. Pasha mwili moto dakika 10 hadi 15 kwa mbio za polepole, na mara mbili tatu kukimbia haraka kidogo.

Wengi wanaharibu kipimo katika dakika mbili za kwanza. Umati unaondoka kwa kasi, na kijana anamaliza raundi ya kwanza kwa dakika 1 na sekunde 15 badala ya 1 na 32. Anajisikia shujaa. Kwenye raundi ya nne miguu inakuwa mawe, na raundi za mwisho anatembea. Mwenye hekima anawaacha wapite. Anashika mwendo wake mpaka dakika ya tisa, anaanza kuwapita mmoja mmoja, na dakika mbili za mwisho anatoa yote iliyobaki.

Usalama na sheria

Mazoezi ya kundi yafanywe mchana, baada ya kumjulisha mkuu wa kijiji. Vijana wengi wenye kukimbia gizani na kuimba nyimbo za kambi wanaweza kueleweka vibaya, na raia asivae nguo za kijeshi. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kimbieni mkitazama magari na pikipiki zenye zinakuja. Wasichana wakimbie pamoja.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwandikisha ao kumtumia mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi ao kundi la silaha. Mwenye kufanya hivyo anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Katiba nayo, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi la kibinafsi ao kulea vijana wenye silaha. Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi mwenye anakusanya watoto, ao mwenye anaahidi nafasi kwa pesa, asifuatwe.

Mwenye hajafika miaka 18 anaweza kukimbia dakika 12 kwa ajili ya afya yake, shule yake na timu yake ya mpira. Kwa mwenye umri tayari, kazi inaanza na kamba ya mita 50, daftari na mwenzake wa kuhesabu raundi. Baada ya kipimo, likiwa daraja limepanda ao halijapanda, anapumzika wiki moja, anaangalia tena daftari ili kuona sehemu gani ilikuwa dhaifu zaidi, na anaanzia hapo wiki 12 zinazofuata.